Safu ya Tatu

Nina daftari dogo nililolipiga mistari kwa mkono, safu tatu kila ukurasa. Katika safu ya kwanza niliandika maneno ya Kijapani ambayo watu wa huko huyasema kila siku mezani, mlangoni na kazini. Katika ya pili niliandika maana zake kwa Kiingereza, kama kamusi ilivyonipa. Ya tatu niliiwekea Kiswahili. Safu mbili za kwanza zilijaa upesi. Maneno yenyewe hayakunisumbua ulimi, maana Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi hukomea kwenye irabu. Ya tatu ndiyo iliyokataa kujaa. Kila nilipotaka kuandika nilihisi neno bado lina la kuniambia, nikaweka kalamu chini nikasubiri.

Leo nataka kuketi na machache kati ya maneno hayo, taratibu, kama mtu anavyoketi na mgeni bila kumuuliza ataondoka lini.

Itadakimasu. Kabla ya kula, Mjapani hukutanisha viganja, huinamisha kichwa kidogo, kisha hutamka neno hili. Kamusi inasema ni salamu ya kabla ya mlo, na ni kweli. Lakini kitenzi chake, itadaku, asili yake ni kuweka kitu juu ya kichwa, kama afanyavyo mtu aliyepewa kitu na mkubwa wake akakiinua juu ya utosi. Itadaki ni kilele cha mlima, na ni utosi pia. Anayesema neno hili mbele ya bakuli la wali anakiri kwamba kilichomo kimemjia kutoka juu yake. Hamtaji aliyempa. Shukrani inaachwa wazi, imfikie mpishi, na mkulima aliyeinama matopeni, na mvua, na samaki aliyekuwa akiogelea jana. Watoto wengi huko huelezwa kwamba wanachopokea ni uhai wa viumbe vingine.

Niliposoma hayo nilikumbuka shikamoo yetu, ambayo wazee hutufafanulia kuwa ni kushika miguu. Mmoja hukiinua alichopewa hadi utosini, mwingine huinama hadi miguuni pa mkubwa wake. Wote wawili wamekubali kuwa chini, na aliye chini ndiye awezaye kumiminiwa kitu.

Mlo ukiisha husemwa gochisousama. Ndani yake mna neno chisou, linaloandikwa kwa herufi mbili za Kichina, na zote mbili zina maana ya kukimbia. Ya kwanza imebeba umbo la farasi. Chakula hiki kilikimbiliwa, ndivyo neno linavyosema. Yuko mtu aliyehangaika huku na huko mpaka kikafika hapa. Na mahangaiko hayo yamewekewa alama ya heshima mbele, go, na nyingine nyuma, sama, kana kwamba jasho la mpishi ni mzee wa kusalimiwa.

Hapo namkumbuka mpishi mmoja. Mwaka 1223 mtawa kijana wa Kijapani, Dogen, alivuka bahari kwenda China kutafuta mafundisho ya Budha. Akiwa bado melini bandarini, alitokea mtawa wa umri wa miaka kama 60, mpishi wa hekalu la mlima Ayuwang. Alikuwa ametembea mwendo mrefu kuja kununua uyoga kwa Wajapani ili awapikie wenzake. Dogen alipendezwa naye, akamsihi alale hapo wazungumze. Mzee akakataa, kazi ya jikoni ilikuwa inamngoja. Dogen akamuuliza kwa nini mtu wa umri wake ahangaike na vyungu badala ya kukaa katika taamuli na kuyasoma maneno ya wahenga. Mzee akacheka, akamwambia kwamba bado hajajua maneno ni nini. Jua lilikuwa linakuchwa, akashika njia. Dogen hakumsahau. Mwaka 1237, akiwa amesharudi kwao na kuwa mwalimu, aliandika kitabu kizima juu ya kazi ya mpishi wa hekalu, na kisa hicho akakiweka humo.

Bado hajajua maneno ni nini. Mimi mwenye daftari la safu tatu niliyasikia hayo kama niliyeambiwa mwenyewe.

Arigatou. Safu ya pili inasema ni kushukuru. Lakini ari ni kuwapo, na gatai, katika umbo lake la kale gatashi, ni ugumu. Ni vigumu kuwapo. Kiasi cha miaka elfu moja iliyopita, Sei Shonagon, bibi wa kasri mjini Kyoto, aliorodhesha mambo adimu kwa kutumia neno hilo hilo la kale. Mkwe anayesifiwa na baba wa mkewe alikuwamo katika orodha. Baadaye neno la uadimu likageuka kuwa neno la shukrani, na watawa hupenda kulifafanua kwa mfano wa kale wa Budha. Kasa kipofu anaishi baharini, huibuka mara moja kila miaka 100. Juu ya maji kunaelea kipande cha mti chenye tundu moja, kinasukumwa na upepo mashariki na magharibi. Ni lini kasa huyo ataibuka kichwa chake kikapenya tundu lile? Ugumu huo ndio ugumu wa kuzaliwa mwanadamu.

Asante yetu ilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni kumwambia mtu kuwa ametenda vyema. Inamtazama mtoaji, na ni haki yake atazamwe. Arigatou inakitazama kile kilichotolewa na kusema: hiki kingeweza kisiwepo. Nilijaribu kuyasema hayo kimoyomoyo kwa siku kadhaa. Maji haya ya mtungini yangeweza yasiwepo. Sauti ya mama kwenye simu ingeweza isiwepo. Hapo nilishindwa kuendelea na mazungumzo kwa kitambo, naye akadhani simu imekatika.

Ukimuuliza Mjapani habari za afya, anaweza kukujibu okagesama de. Kage ni kivuli, nacho pia kimewekewa heshima mbele na nyuma. Niko salama kwa sababu ya kivuli kitukufu. Kivuli cha nani? Cha miungu na Mabudha, cha wahenga, hata cha wewe unayeuliza. Safu ya pili ilikuwa na maneno mengi ya kueleza jambo hili. Ya tatu ilijaa mara moja, kwani kwetu nako mtu akiulizwa u hali gani hujibu alhamdulillahi, au namshukuru Mungu, kabla hajasema lolote juu ya mwili wake. Aliyewahi kutembea juani saa saba mchana anajua kivuli ni nini. Hakishikiki, hakidai malipo, na mara nyingi aliyeupanda ule mti amekwisha kufa.

Kisha kuna sumimasen, neno la kuomba radhi ambalo hutumika pia kushukuru. Kitenzi chake ni kwisha. Sumimasen ni kusema kwamba haijaisha, wema ulionitendea nimeshindwa kuulipa. Daktari wa magonjwa ya akili Takeo Doi, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alisimulia kwamba akiwa Marekani mkubwa wake wa kazi alimfanyia wema, naye akajibu kwa maneno ya kuomba radhi, akaulizwa anaomba radhi kwa kosa gani. Kosa halikuwepo. Kulikuwa na deni tu, la aina ile ambayo moyo mzuri hautaki kulisahau.

Na jioni kazi ikiisha, Wajapani huagana kwa otsukaresama. Tsukare ni uchovu. Safu ya pili ilihangaika sana hapa: umefanya vizuri, kwaheri, tutaonana kesho. Mimi nikaandika pole na kazi, na sijaifuta mpaka leo. Watu wawili walioishi mbali hivyo, kila mmoja akaona uchovu wa mwenzake unastahili salamu.

Neno jingine lilipata mpenzi wake Afrika Mashariki. Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alikwenda Japani mapema mwaka 2005 akalisikia: mottainai. Hutamkwa kitu kinapopotezwa bure, wali unapomwagwa, nguo nzima inapotupwa. Mottai ni hadhi iliyomo katika kitu, na nai ni kukosekana. Aliona kwamba neno hilo moja limekusanya kupunguza, kutumia tena na kuheshimu, akalipeleka hadi Umoja wa Mataifa mwezi Machi mwaka huohuo, akawaomba waliokuwapo walitamke pamoja naye. Mama aliyezoea kuinamia miche udongoni hakuhitaji kamusi. Huko Eiheiji, hekalu alilolianzisha Dogen mwaka 1244, husimuliwa kwamba alipokuwa akichota maji ya mtoni kwa kata ili amtolee Budha, alitumia nusu, na nusu iliyobaki aliirudisha mtoni. Mto haukupungukiwa na chochote. Lakini maji yale yalikuwa na hadhi yake, na wa chini ya mto wangeyahitaji.

Sijamaliza kisa cha mpishi. Katika mwaka uleule wa 1223 walikutana tena, na Dogen akamuuliza lile swali lililombaki moyoni: maneno ni nini? Mzee hakumpa siri. Alihesabu moja hadi tano, basi.

Kwa muda mrefu jibu hilo lilinishinda. Nilidhani chini ya kila neno kuna hazina, na kwamba nikichimba mzizi wake nitaitwaa. Sasa naona kwamba mzee alinionyesha kilicho wazi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, watoto wote wanazijua. Anayehesabu akiwapo, hesabu ni sala. Asipokuwapo, hata neno lenye mlima ndani yake ni sauti inayopita mdomoni.

Mkabala na itadakimasu, safu yangu ya tatu ilikuwa bado tupu. Jana usiku niliandika neno nililofundishwa kabla sijajua kusoma, bismillahi. Maisha yangu yote nimelisema huku mkono umeshafika sahanini. Jana niliuweka mkono magotini kwanza, nikamtazama samaki, nikautazama wali, nikasubiri mpaka nikawa nimefika mezani. Ndipo nikalisema.