Mama Amtoapo Binti Yake
(Somo: Mwanzo 24:50–61)



Wayunani wa kale walikuwa na hekaya iliyosimuliwa hasa huko Eleusis, karibu na Athene, mji alimohubiri Mtume Paulo. Walisema ya kuwa Demeter, waliyemdhania kuwa mungu wa nafaka, alikuwa na binti, Persephone. Siku moja binti huyo alikuwa akichuma maua kondeni na wenzake. Nchi ikapasuka, Hades, mtawala wa kuzimu, akamnyakua awe mkewe. Zeus, baba yake, alikuwa amekubali kwa siri. Mama hakuambiwa, wala binti hakuulizwa. Mama akamtafuta siku 9, mienge mkononi, asile wala asioge. Alipopata habari, akazuia mbegu zisiote, hata watu wakakaribia kufa kwa njaa. Mwisho binti akarudishwa. Lakini alikuwa amekwisha kula punje ya komamanga huko chini, kwa hiyo ikampasa kukaa kwa mumewe theluthi ya kila mwaka.

Sisi twajua ya kuwa Mungu ni mmoja, naye ndiye aoteshaye mbegu. Walakini waliosimulia hekaya hii waliujua moyo wa mama. Mtoto aliyeshika upindo wa nguo yake njiani kwenda kisimani, leo amemzidi kimo; ana siri zake, na kicheko chake hukoma mama aingiapo. Hakuna aliyekufa, lakini mama aona kama amefiwa. Mara ngapi sisi wachungaji tumemwambia mama aliaye siku ya arusi, "Nyamaza, leo ni furaha"! Twakiri ya kuwa tumenena upesi kuliko ilivyotupasa.

Sasa itazameni nyumba ya Bethueli. Huko nako mgeni alikuja kumposa binti kwa ajili ya mwana wa bwana wake, na safari ilikuwa ndefu. Mama yake Rebeka na nduguye waliomba akae nao kwanza siku kama 10. Maandiko hayamkemei mama huyo kwa kuziomba. Kisha wakafanya jambo lisilofanyika katika hekaya: walimwita Rebeka, wakamwuliza yeye mwenyewe kama atakwenda. Akakubali. Wakamtoa pamoja na mlezi wake, wakambariki. Wala hatusomi popote ya kuwa mama alimwona tena.

Enyi akina baba, msipatane habari za mahari kwa siri. Mwulizeni binti, mwambieni mama. Kutoa kuna uchungu wake, lakini kunyang'anywa ni jeraha lisilopona.

Enyi akina mama, kulia si dhambi. Bwana wetu naye alilia katika msiba wa Lazaro. Bali jihadharini huzuni isikaushe shamba, wakaona njaa ya upendo wale waliobaki nyumbani. Kumbukeni ya kuwa ninyi nanyi mlitolewa siku moja katika nyumba za mama zenu, na labda hamkuyaona machozi yao.

Demeter hakupata faraja ila ya kugawana mwaka. Sisi tunayo iliyo kuu zaidi: binti yako alikuwa wa Mungu kabla hajawa wako, naye Mungu alimpokea katika ubatizo; hakuna nyumba aendayo asipokuwapo Yeye. Basi ombeni siku zenu 10, kisha fungueni mkono, mkambariki.

Bwana awe pamoja na binti zetu njiani, na pamoja na mama zao mlangoni. Amina.