Pishi ya Kila Asubuhi

Masomo: Kutoka 16:13–21, Matendo ya Mitume 17:10–12, 2 Timotheo 4:9–18



Kila mtu aliyekaa Gerezani au Kariakoo ajua ya kuwa riziki ya siku hutafutwa siku iyo hiyo. Jua halijapanda bado, nayo mizigo imekwisha kushushwa: nyanya, vitunguu, ndizi na mchicha. Mama ntilie amewasha moto wake, na wachukuzi wamefunga viuno. Auzaye mchicha hana haja ya kufundishwa na mtu neno hili, ya kuwa mboga iliyolala haina mnunuzi. Wala hatujamwona mtu asemaye, Nalikula Jumapili nikashiba, basi sitakula tena mpaka Jumapili ijayo. Mtu wa namna hiyo tungemhurumia, tukamwambia, Ndugu, utakufa.

Lakini wako Wakristo wengi wazitendeao roho zao hivyo hivyo. Jumapili huja kanisani, husikia somo na mahubiri, huimba, hurudi nyumbani. Kisha Biblia huwekwa juu ya kabati, na vumbi la siku sita huishukia. Halafu hushangaa, wakisema, Kwa nini imani yangu ni dhaifu? Kwa nini nikijaribiwa huanguka upesi? Neno hili ndilo nitakalo tulifikiri pamoja.

Twasoma habari za Waisraeli jangwani. Walikuwa wamemnung'unikia Musa na Haruni kwa ajili ya njaa, wakikumbuka masufuria ya nyama ya Misri. Mungu akawapa mana. Lakini tazameni jinsi alivyowapa. Hakuwajengea ghala la kuwatosha miaka arobaini. Aliwaambia waokote kila asubuhi, pishi moja kwa kila kichwa, wala wasisaze hata kesho. Wengine hawakusikia, wakaweka. Asubuhi mana ile ikatoa mabuu ikanuka. Na kila siku jua lilipokuwa kali, ile iliyobaki nje ikayeyuka. Siku ya sita tu walipewa maradufu, wapate kupumzika siku ya sabato.

Kwa nini Mungu alifanya hivyo? Kwa sababu mwenye ghala lililojaa humsahau upesi aliyemjazia. Mungu hakutaka kuwashibisha matumbo tu, alitaka wamjue. Kila asubuhi walipoinama kuokota, walifundishwa tena ya kuwa wanaishi kwa mkono wake. Baadaye Musa aliwaeleza maana yake katika Kumbukumbu la Torati 8:3, ya kuwa mkate peke yake haumtoshi mwanadamu, bali aishi kwa neno litokalo kwa Bwana. Na neno hilo ndilo ambalo Bwana wetu Yesu mwenyewe alimjibu nalo Shetani jangwani, alipokuwa na njaa. Basi ikiwa Mwana wa Mungu alilishika Neno kama ngao yake, sisi tutasimama kwa nini?

Hapa yatupasa tuangalie, tusije tukapotea njia upande wa pili. Labda mtu atasema moyoni, Nikisoma sura kila siku, Mungu atanihesabia haki. La, sivyo. Mana haikuwa mshahara. Waliookota asubuhi ni wale wale walionung'unika. Hakuna aliyeistahili, wote walipewa. Ndivyo ilivyo kwetu. Twahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, kwa ajili ya Kristo, wala si kwa wingi wa sura tulizosoma. Kusoma ni kula, na alaye hamlipi Mungu kitu, hupokea tu. Kwa hiyo, ndugu uliyeacha kusoma siku tatu au miezi mitatu, usiseme, Mlango umefungwa. Kesho asubuhi mana itakuwako tena. Ondoka ukaokote.

Tena Biblia si hirizi. Wako waiwekao chini ya mto ili wasiote ndoto mbaya, nao hawaifungui. Wako waifunguao kwa kubahatisha, wakaweka kidole juu ya mstari, kana kwamba wanapiga ramli. Chakula kilichofunikwa chunguni hakimshibishi mtu, hata akilala karibu na chungu usiku kucha.

Na tukumbuke jinsi Kitabu hiki kilivyotufikia katika lugha yetu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na chama cha Waanglikana, alifika Mombasa. Mwaka uo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na mwaka uo huo alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Huko Unguja Askofu Edward Steere aliifanya kazi ya kutafsiri mpaka kufa kwake mwaka 1882, na Biblia nzima ikatolewa mwaka 1891. Sisi Walutheri wa Tanganyika tulipata tafsiri ya Karl Roehl: Agano Jipya mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Kisha ikaja ile ya umoja, iliyokamilika mwaka 1952, ambayo makanisa mengi huisoma hata leo. Yahesabuni miaka hiyo: tangu 1844 mpaka 1952 ni miaka 108. Watu walizeeka na kufa juu ya kazi hii. Nasi tumepewa Kitabu hiki chote, nacho chakaa juu ya kabati!

Tena ziko siku ambazo Kitabu ndicho kilichobaki. Katika vita vya kwanza vya dunia, Waingereza waliingia Dar es Salaam mwaka 1916, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Hata jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya vita hivyo, maana palikuwa na kambi ya kikosi cha wapagazi, na makumi ya maelfu ya wapagazi katika Afrika ya Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Katika shida hiyo sharika zetu hazikufa. Walimu wenyeji walizishika, wakafundisha, wakasali na watu, wakasoma Neno. Kama wangalimtegemea mmisionari tu awasomee, siku ya kuondoka kwake ingalikuwa mwisho wa Kanisa. Ninyi walimu na wainjilisti wa leo, lifikirini neno hili. Mchungaji aweza kuhamishwa, mzee wa kanisa aweza kufa. Je, watu wenu wamejifunza kuokota wenyewe?

Katika Matendo ya Mitume Luka awasifu watu wa Beroya. Walimsikia Paulo, naye alikuwa mtume. Hata hivyo hawakuridhika kusikia tu. Waliyachunguza Maandiko kila siku, wapate kujua kama mambo ndivyo yalivyo. Siku hizi katika mji wetu wahubiri ni wengi, na sauti zao zavuma kwa vipaza sauti. Mmoja auza maji, mwingine auza mafuta, wa tatu aahidi mali kwa atakayetoa fedha zaidi. Mkristo asiyeijua Biblia yake atawapimaje? Mtu wa sokoni asiyejua mizani hupunjwa kila siku, naye hurudi nyumbani akifurahi.

Sasa mwasema, Twataka, lakini kuna mazuio. Haya, tuyatazame.

Wa kwanza asema, Sina nafasi. Natoka alfajiri, narudi usiku. Martin Luther alikuwa na kinyozi jijini Wittenberg, jina lake Peter. Huyo alimwuliza jinsi mtu apasavyo kusali, na mwaka 1535 Luther akamwandikia kijitabu. Hakumwambia aiache kazi ya kunyoa. Alimfundisha aanze siku kwa sala na kuimaliza kwa sala, ayashike maneno machache, Sala ya Bwana, Amri Kumi na Imani, ayafikiri moja moja mpaka moyo wake upate moto. Mafundisho hayo alipewa mtu wa wembe na mkasi. Basi, hata kinyozi wa Kariakoo aweza.

Wa pili asema, Nyumba yetu ina makelele, sina pa kukaa. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alisoma akiwa njiani, garini. Nawe waweza kusoma katika basi la mwendokasi liendalo kituo cha Gerezani, na ukiwa na Biblia katika simu yako, ni vyema. Ila simu ni kama soko: ukiingia kununua chumvi, waweza kutoka na vitu vingi usivyovihitaji, na chumvi umeisahau. Soma kwanza, ndipo uzitazame habari za watu.

Wa tatu asema, Nasoma, lakini sielewi. Towashi naye hakuelewa, wala hakuona haya kukiri. Mungu akamtuma Filipo akapanda, akaketi naye. Kwa hiyo uandike neno usilolielewa, umwulize mwalimu wako. Nanyi walimu, msimcheke aulizaye. Pandeni garini mkaketi naye.

Wa nne asema, Nalianza mara nyingi, nikashindwa. Labda ulitaka kubeba gunia zima siku ya kwanza. Wahenga walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja tu kila siku tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, katika majuma 52 umelimaliza lote. Injili ya Marko ina sura 16. Anza na hiyo, kwa siku 16 utakuwa umemfuata Bwana tangu mto wa Yordani mpaka kaburi lililo wazi. Zaburi ni 150. Moja kila jioni ni kama miezi mitano. Chagua saa moja, mahali pamoja, na kitabu kimoja. Omba kwanza kwa maneno mafupi. Soma polepole, na katika nyumba soma kwa sauti, watoto wasikie. Ujiulize: Mungu aniahidi nini hapa? Aniamuru nini? Nitubu nini, nishukuru nini? Kisha lichukue neno moja uende nalo kazini.

Ndugu zangu, tunakaa na majirani Waislamu, watu wa heshima, nao huamka kwa adhana kabla ya mapambazuko. Wengi wao huwapeleka watoto wao chuoni wakiwa wadogo, wajifunze kukisoma kitabu chao. Jirani akikuuliza kwa upole, Yesu wenu alifundisha nini? utamjibu kwa Neno, au utamwambia, Ngoja nimwulize mchungaji?

Neno la mwisho. Mtaa wa Gerezani wataja gereza kwa jina lake, na wachunguzi wa lugha husema ya kuwa neno gereza lilitoka katika neno la Wareno lenye maana ya kanisa. Ni ajabu, lakini Mtume Paulo aliyajua yote mawili mahali pamoja. Alipokuwa mfungwa, akijua ya kuwa saa ya kufa kwake i karibu, alimwandikia Timotheo aje kabla ya wakati wa baridi, amletee joho lake aliloliacha Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Baridi ya kifungo yataka joho, na roho katika kifungo yataka Kitabu. Mzee yule aliyeona maono, aliyewafundisha mataifa, bado alitaka kusoma!

Maana siku ya shida haitoi taarifa. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza jengo la Soko Kuu la Kariakoo, na watu wengi waliolala na mali wakaamka hawana kitu. Asubuhi ya Novemba 16, 2024, ghorofa lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa. Wengine walikaa gizani chini ya kifusi, wakingoja kuokolewa. Katika giza la namna ile hakuna taa ya kusomea, wala mkono hauwezi kufunua kurasa. Mtu ana lile tu lililokwisha kuingia moyoni mwake. Mtazameni Bwana wetu msalabani. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, lakini kinywa chake kilisema maneno ya Zaburi ya 22, na alipoitoa roho yake alisema neno la Zaburi ya 31. Alikuwa nayo moyoni. Naye aliyelia maneno yale ndiye Mkate ulioshuka kutoka mbinguni. Aliachwa gizani, ili sisi tusiachwe kamwe.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kufungua duka, kabla ya kuwasha moto, kabla ya kutazama simu, okota pishi yako. Itakuwa imekwisha kushuka, maana Mungu huamka mbele yetu.

Tuombe: Ee Bwana Mungu, Baba yetu, twakushukuru kwa Neno lako ulilotupa katika lugha yetu. Utusamehe uvivu wetu. Utupe njaa ya Neno lako, na Roho wako atufundishe tusomapo. Uwatie nguvu walimu wetu, uzijaze nyumba zetu sauti ya Injili, na siku ya giza utukumbushe tuliyoyasoma mchana. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Mwana wako, Bwana wetu. Amina.