Nyumba zetu: Ni za kutulia au za kuonyeshea?

Kila mwaka ifikapo Septemba, nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini huingia katika majira ya mapukutiko. Miti hugeuka rangi na kumwaga majani, baridi huanza, na usiku hurefuka haraka. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, kiasi kwamba Muislamu anayefanya kazi ofisini huko anaweza kuswali Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote kabla hajarudi kwake. Watu wa nchi hizo wamezoea kuyapokea majira hayo kwa kuzitayarisha nyumba zao. Hutoa mablanketi ya sufu kabatini, huondoa mapazia mepesi na kutundika mazito, huongeza mito kwenye makochi, huwasha taa za mwanga hafifu na mishumaa. Wadenmark wana hata neno lao la hali hiyo, hygge, yaani ile raha ya kukaa ndani na uwapendao wakati nje kuna baridi na giza. Mwaka 2016 vitabu vya kulielezea neno hilo vilijaa katika maduka ya Uingereza.

Msomaji wa Magomeni, Tanga au Mombasa anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi, ambao miezi hiyo kwetu ni vuli, miezi ya joto na mvua? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wapo ndugu zetu wengi wanaoishi huko na kulea watoto katika nyumba hizo. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, desturi hiyo inaibua swali ambalo kila mwenye nyumba hana budi kulijibu, awe kwenye baridi au kwenye joto: nyumba hutulizwa na nini, na utulivu huo ni wa nani?

Tuanze na maneno ya Muumba wetu. Katika Suratun-Nahl, Allah (s.w.) anazihesabu neema zake kwa wanaadamu. Katika aya ya 5 anawataja wanyama wa mifugo, na faida ya kwanza anayoitaja humo si nyama wala maziwa, bali ni joto, yaani mavazi na matandiko yatokanayo na sufu zao. Kisha katika aya ya 80 anatukumbusha kuwa Yeye ndiye aliyezijaalia nyumba zetu ziwe mahali pa kutulia, akatupa mahema ya ngozi tunayoweza kuyabeba safarini, na kutokana na sufu, manyoya na nywele za wanyama akatupa vyombo vya nyumbani na vitu vya kustarehea kwa muda. Hebu tuizingatie aya hii. Zulia, blanketi na mto vimetajwa miongoni mwa neema za Mola, pamoja na mvua, matunda na asali. Ni makosa basi kudhani kuwa ucha Mungu ni kukaa katika nyumba kavu isiyo na raha.

Masahaba nao hawakuona kuwa kujikinga na baridi ni udhaifu wa imani. Ibn Rajab al-Hanbali, katika kitabu chake Lata'if al-Ma'arif, ameeleza kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa ukifika wakati wa baridi huwaandikia watu barua akiwausia wajiandae kwa nguo za sufu, khofu na soksi, kwa kuwa baridi ni adui aingiaye upesi na kutoka kwa taabu. Ibn Rajab anafafanua kuwa aliwaandikia hivyo watu wa Sham, akiwahofia wale ambao hawakuizoea baridi ya nchi ile. Khalifa wa dola kubwa kiasi kile anakumbusha watu soksi! Kwa hiyo ndugu yetu wa Leicester anayewanunulia wanawe mablanketi mwezi wa Oktoba, akanuia kuwalinda wale aliokabidhiwa na Mola wake, yumo katika ibada.

Sasa tatizo linaanzia wapi? Linaanzia pale haja inapogeuzwa kuwa msimu wa biashara. Blanketi zuri la sufu hudumu miaka mingi, na mfanyabiashara hawezi kufurahia hilo. Basi inabidi rangi ya mwaka huu iwe tofauti na ya mwaka jana, na mto ambao haujachanika uonekane umepitwa na wakati. Juu yake huongezwa maboga ya kuchonga na vinyago vya sikukuu yao ya Halloween ya Oktoba 31. Hapo Muislamu aliyeko huko anapaswa kupambanua: blanketi ni blanketi, halina dini, lakini mapambo ya sikukuu yenye mizizi katika itikadi zisizo zetu ni jambo jingine.

Kwetu hatuna mapukutiko, lakini misimu ya namna hiyo tunayo. Ikikaribia Idd au harusi, mapazia yanabadilishwa hata kama ya zamani hayana kosa, makochi yanakopwa, na wako Waislamu wanaochukua mkopo wa riba ili sebule yao isipitwe na ya jirani. Mtu anakaa juu ya kochi jipya na usingizi umemruka kwa hofu ya marejesho ya mwisho wa mwezi. Kochi hilo amelinunua kwa kuuza kile kile alichokuwa akikitafuta, yaani utulivu. Tena aliyemkataza riba ndiye huyo huyo aliyempa nyumba.

Katika suala hili sijaona mafunzo yaliyo wazi kuliko kisa cha Bi. Aysha (r.a.) alichokipokea Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa safarini, naye Bi. Aysha akachukua kitambaa akakitundika mlangoni. Mtume (s.a.w.) aliporudi akakiona, uso wake ukaonyesha kuchukizwa. Akakivuta mpaka kikachanika, akaeleza kuwa Allah hakutuamuru kuyavisha nguo mawe na udongo. Bi. Aysha hakukitupa kitambaa kile. Alikikata akashona mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa hilo.

Kitambaa ni kile kile, nyumba ni ile ile. Kilipovishwa ukuta kilichukiza. Kilipogeuka kuwa mahali pa mtu aliyechoka kuegemea, kilikubalika. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, ameeleza kuwa hadithi hii haifikishi jambo hilo kwenye uharamu, kwa sababu kutoamrishwa si sawa na kukatazwa. Basi nisije nikaeleweka kuwa ninamharamishia mtu pazia lake, hasa pazia la dirishani linalositiri familia. Ninachokiona mimi katika kisa hiki ni kipimo. Kila kitu tunachokiingiza ndani tukiulize: wewe ni mto au ni nguo ya ukuta? Umekuja kumpumzisha mtu, au umekuja kutazamwa?

Kipimo hicho kinapata nguvu katika hadithi nyingine aliyoipokea Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.), kwamba kitanda kimoja ni cha mume, cha pili ni cha mkewe, cha tatu ni cha mgeni, na cha nne ni cha shetani. Wanazuoni wamefafanua kuwa makusudio si idadi, maana mwenye watoto wengi anahitaji vitanda vingi. Makusudio ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa fahari. Tazama kwamba mgeni amewekewa fungu lake. Uislamu haukusema nyumba ijipange kwa ajili ya wenyewe tu. Bali kitanda cha mgeni kiwe cha kulaliwa, si cha kuonyeshwa.

Nikiwa mwalimu, darasani huwauliza wanafunzi wangu wa sekondari: nyumbani kwenu, ni wapi unapojisomea kwa raha? Wengine hujibu kitandani, wengine barazani, wengine jikoni mama akiwa anapika. Ni wachache sana wanaotaja sebule. Sebule ndipo palipo na feni nzuri, taa nzuri na viti laini, lakini ni ya wageni, na watoto wamekatazwa kuikalia isije ikachafuka. Tumefikia mahali ambapo chumba kizuri kuliko vyote katika nyumba ni kile ambacho wenye nyumba hawakitumii. Kama si kuyavisha nguo mawe na udongo, hili tuliite nini?

Lakini yuko mtu mwingine katika nyumba zetu za mjini ambaye hatumuulizi chochote. Ni binti wa kazi. Ndiye anayeyafua hayo mapazia, kupanga hiyo mito na kulifagia hilo zulia. Usiku, katika nyumba nyingi, hulala koridoni au jikoni, juu ya mkeka au godoro lililobonyea, na kipupwe cha Julai kinapoingia hujifunika khanga. Na huenda chumba cha pili kina kitanda kilichotandikwa vizuri, kinachomsubiri mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka. Tunayo hadithi ya Abu Dharr (r.a.) katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) amewaita watumishi kuwa ni ndugu zetu walio chini ya mikono yetu, akaamrisha walishwe katika tunachokula na wavishwe katika tunachovaa. Hayo yalisemwa kuhusu watumwa. Itakuwaje kwa binti huru wa Kiislamu, aliyetoka Lushoto au Singida, ambaye wazazi wake wametukabidhi amana? Nyumba ambayo mtu mmoja ndani yake anatetemeka kwa baridi haijawa maskani, hata ikiwa na mapazia ya thamani gani.

Na neno lenyewe maskani linatufundisha. Lugha yetu imelichukua kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutulia. Humo humo limetoka neno sakina, na humo humo wanazuoni wa lugha wanaliweka neno maskini, yaani mtu ambaye ufakiri umemkalisha, hana nguvu ya kwenda huku wala huku. Maskani na maskini ni ndugu wa tumbo moja. Desemba 2011, mvua kubwa zilipoipiga Dar es Salaam, makumi ya watu walifariki na maelfu walipoteza makazi katika bonde la Msimbazi na kwingineko. Baadhi ya familia zikapelekwa Mabwepande kuanza maisha katika mahema. Kila vuli inapokaribia, sisi tulio juu ya kilima huwaza rangi ya mapazia, na kuna mama bondeni anayewaza aweke wapi godoro lisilowe. Kuitayarisha nyumba kwa msimu, kwa Muislamu, kunaanza kwa kutazama na paa la jirani.

Wako watakaonijibu kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Pia katika Suratul-A'raf aya ya 32 Allah (s.w.) anawakemea wanaoharamisha mapambo aliyowatolea waja wake. Lakini hadithi hiyo ya uzuri ilisemwa katika maelezo ya kibri, na humo Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi uzuri wetu haumchukizi Mola, ila unapotufanya tudharau watu. Usafi ni uzuri. Harufu ya udi na ubani jioni ya Ijumaa ni uzuri. Mto wa sufi alioujaza bibi kwa mkono wake ni uzuri, na haukumkopesha mtu riba.

Jambo la mwisho ni la uhai wenyewe. Raha ya joto isitupumbaze. Katika Bukhari na Muslim tumekatazwa kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba tunapolala, na hadithi nyingine inaeleza kuwa nyumba moja ya Madina iliwaunguza watu wake usiku. Huko Ulaya hatari ni mishumaa inayoachwa ikiwaka. Kwetu, katika nyanda za baridi kama Njombe, Mbulu na Lushoto, hatari ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na madirisha yakafungwa. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala hufa bila kuamka. Jiko litolewe nje, na watu waongezewe blanketi.

Ndugu msomaji, tuzifungue sebule zetu watoto wasomee humo. Binti wa kazi apewe godoro zima na blanketi lake. Pazia la ziada lishonwe mto, na kochi lisubiri mpaka pesa ya halali itimie. Katika Suratur-Rum aya ya 21, Allah (s.w.) ametaja tena kutulia, lakini safari hii si katika nyumba, ni kwa mume na mke kutulia wao kwa wao, akaweka baina yao mapenzi na huruma. Huruma hiyo ikikosekana, zulia halitaijaza nafasi yake.

Wabillahi tawfiq.