Wanne katika Elfu

Vinundu vya thairoidi, ile tezi ya shingoni ambayo ikivimba huitwa goita, ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Altrasaundi huvikuta hata kwa wasiowahi kuhisi chochote. Vingi havina neno. Katika vichache hujificha saratani, na katika vichache zaidi saratani ya medula, inayoanzia kwenye seli zinazotoa homoni ya kalsitonini. Tiba ya ayodini yenye mionzi haiiwezi. Tegemeo ni kisu, tena mapema. Sindano ya kuchukua seli huipita mara nyingi bila kuiona, ilhali kalsitonini ikipanda kwenye damu huifichua.

Je, kila mwenye kinundu apimwe damu? Huko Pisa, Italia, walipimwa wagonjwa 10,864, wakapatikana 44 wenye saratani ya medula, yaani takriban wanne katika elfu, nao walipona kwa wingi kuliko waliogunduliwa kwa njia za zamani. Mwaka 2006 wataalamu wa Ulaya waliunga mkono upimaji huo. Mwaka 2015 chama cha Marekani cha wataalamu wa thairoidi hakikusema ndiyo wala hapana. Takwimu walizokuwa nazo zilikaribiana. Mizani ndiyo iliyotofautiana.

Kalsitonini hupanda pia kwa wenye figo zilizoshindwa, kwa baadhi ya wavuta sigara na wanaomeza omeprazo. Tuseme kipimo hakimkosi mgonjwa yeyote, ila huwashuku bure wawili katika kila mia ya wazima. Katika watu elfu, wanne watanaswa kwa haki na ishirini kwa makosa. Aliyepewa jibu baya ana nafasi moja tu kati ya sita ya kuwa mgonjwa, ingawa usiku, kitandani, moja kati ya sita huonekana sita kati ya sita. Baadhi yao wataishia kutolewa tezi, na dawa ya homoni wataimeza hadi kufa.

Anayetaka kujumlisha faida na kutoa hasara hukwama hapa, kwa kuwa hasara yenyewe haina mlalamikaji. Aliyekosewa kwa kutopimwa ana ndugu wanaomlilia. Aliyeondolewa saratani ndogo ambayo pengine ingelala naye hadi uzeeni humshukuru daktari, wala hakuna awezaye kumthibitishia kinyume: aliyedhurika ndiye mwenye shukrani. Korea Kusini, altrasaundi za tezi zilipoenea, saratani za thairoidi zilizogunduliwa mwaka 2011 zilikuwa mara 15 ya zile za 1993, na vifo havikubadilika. Hizo zilikuwa hasa za aina ya papilari, iliyo pole. Ya medula ni kali zaidi, hivyo mfano huo una mipaka. Hata methali ya kinga na tiba haiamui neno, maana kipimo hakikingi. Hutafuta kilichokwisha kuwapo.

Hubaki hiari ya mgonjwa, mradi aelezwe hesabu hiyo kabla ya kutoa damu, si baada ya jibu. Lakini takriban robo ya saratani hizi za medula hurithiwa kupitia hitilafu katika jeni ya RET. Katika ukoo wa namna hiyo, anayechagua kutojua anawachagulia pia ndugu na watoto ambao hawajaulizwa, na mtoto aliyerithi hitilafu hiyo huweza kutolewa tezi kabla saratani haijaanza.