Utarudi Kawaida. Kawaida Ipi?

Aprili 2024 Lindsey Vonn, bingwa wa Marekani wa mbio za kuteleza kwenye theluji, alibadilishiwa sehemu ya goti lake la kulia. Desemba hiyohiyo, akiwa na miaka 40, alikuwa amerudi mashindanoni, na Machi 2025 akashika nafasi ya pili huko Sun Valley. Niliifurahia habari ile. Lakini nadhani imewapa madaktari wa mifupa kazi ya ziada, maana sasa kila mwenye goti bovu na umri wa chini ya miaka 55 ana mfano wa kutoa.

Daktari husema, "utarudi kawaida." Mama wa miaka 75 akiambiwa hivyo, wanaelewana: alale usiku bila maumivu, aende sokoni, apande ngazi taratibu. Mwambie hivyo hivyo jamaa yangu mmoja, fundi vigae wa miaka 46 ambaye gegedu la goti limeisha. Kawaida yake ni kupiga magoti juu ya saruji kutwa nzima, halafu jioni ale na wanawe mkekani. Goti bandia humwondolea mtu maumivu mengi, hilo halina ubishi. Kutembea, kuogelea, baiskeli, yote sawa. Kukimbia na mpira wengi hukatazwa. Kupiga magoti si lazima kuharibu kitu, ila watu wengi hushindwa, au hukuta kunauma na wakaacha. Neno ni moja, maisha mawili.

Ndiyo maana kijana (kwenye goti, miaka 46 ni ujana) huambiwa asubiri. Sababu ipo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanaume waliowekewa goti mwanzoni mwa miaka ya hamsini walikuwa na uwezekano wa hadi asilimia 35 wa kurudia upasuaji katika maisha yao. Kwa waliovuka 70 ilikuwa kama asilimia 5 tu. Chuma na plastiki huchakaa na kulegea, na kijana ana miaka mingi ya kuvichakaza. Upasuaji wa pili nao ni mgumu kuliko wa kwanza, mfupa ukiwa umeshapungua.

Sasa hapo ndipo ninapokwama. Kumwambia mtu achechemee miaka 10 ili goti limfae uzeeni ni kumtaka mtu wa leo amlipie mtu wa kesho. Busara ya akiba tunaijua, lakini pesa ya benki inaweza kungoja. Ada ya mtoto wa kidato cha pili haingoji. Miaka ambayo goti lingemfaa zaidi ndiyo hiyo anayoambiwa avumilie. Kwangu mimi, kuitaka miaka hiyo si tamaa. Ila naye asidanganyike: anayekopwa ni yeye mwenyewe akiwa na miaka 65, ambaye hayupo chumbani kujitetea.

Kuna kipimo kilichochapishwa mwaka 2012 ambacho humuuliza mgonjwa maswali 12 kuhusu ni mara ngapi anakumbuka kuwa ana kiungo bandia: kitandani usiku, ndani ya gari, kwenye ngazi, akicheza mchezo aupendao. Alama za juu ni za aliyesahau kabisa. Wazo zuri sana, afya kama kusahau. Lakini kupiga magoti hakumo. Kuketi mkekani hakumo, wala sijida, wala choo cha kuchuchumaa. Kawaida iliyopimwa pale ni ya mtu wa kiti na sofa.

Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano haridhiki na goti lake jipya, na matarajio yasiyotimia yametajwa mara nyingi kama chanzo. Fundi wangu bado hajaamua. Safari hii ameandika maswali kwenye karatasi kabla ya kwenda kliniki, na la kwanza ni kama ataweza kupiga magoti, na kwa dakika ngapi.