Tusihukumu Wale Walio Inje



Tunaandika neno hili tukiwa na haya. Siku ya Mungu moja, baada ya ibada, vijana wetu walipita kwa mama mumoja mujane anayeuza kasiksi kando ya barabara. Walimwanga pombe yake yote chini, wakamwambia kwamba nyumba yake ni nyumba ya shetani. Na sisi wakubwa tuliposikia, wamoja kati yetu tulicheka. Wengine tulisema: Vizuri, sasa atajua amri.

Alijua nini? Alijua kwamba watu wa maombi wamemwanga minervali ya mutoto wake, kwa maana ni kasiksi ile inayolipa masomo.

Sisi tunakataa pombe na hatutaacha kukataa. Ni amri tuliyopokea, pamoja na kuacha tumbako, hirizi na wake wengi. Lakini tukumbuke namna tulivyoipokea. Papa Simon Kimbangu alianza kazi kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Hakuwa na askari wala faini. Watu walisikia neno, wakaona wagonjwa wakiombewa, nao wenyewe wakatupa hirizi zao njiani. Mutu anayetupa hirizi yake mwenyewe harudi usiku kuiokota. Ukimunyanganya, atatafuta nyingine na kuificha vizuri zaidi.

Wenye askari walikuwa wengine. Mwezi wa Oktoba 1921 walimuhukumu kufa, kisha mufalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville, ni kusema Lubumbashi, miaka 30, mpaka kufa tarehe 12 Oktoba 1951. Nguvu ile yote haikuondoa imani ndani ya mioyo. Sisi ndio ushuhuda.

Wafuasi wake nao walihamishwa mbali na kwao. Wamoja waliletwa katika kambi ya Lowa, kule muto Lowa unapoingia Lualaba, na maji yale ndiyo yanayopita kwetu Walikale. Mufungwa kati ya watu wasiojua luga yake hawezi kumwanga pombe ya mutu. Anaweza kulima, kusalimia, kukataa kikombe kwa upole, na kujibu akiulizwa sababu ya kutokunywa.

Paulo anawafundisha Wakorinto (1 Wakorinto 5:12-13) kwamba kuhukumu walio inje si kazi yetu, ni ya Mungu. Sisi tumegeuza. Ndugu wa kwaya anayekunywa kwa siri tunamunyamazia, kwa sababu ana sauti nzuri, lakini mama wa barabarani tunamuhukumu mbele ya watu.

Basi tunyamaze? Hapana. Anayeona jirani akienda shimoni na kufunga kinywa, hamupendi. Lakini Petro (1 Petro 3:15) anasema juu ya kujibu wale wanaotuuliza, tena kwa upole. Kama hakuna anayetuuliza, labda maisha yetu hayana kitu cha kuulizia. Na mutu husikia kwanza neno la yule aliyemusaidia kubeba kuni.

Tulifanya nsinsani ndogo. Wazee wawili pamoja na vijana wale walimurudishia mama yule franga za kasiksi yake na kuomba masamaha. Wengine kati yenu wamenungunika: Feza ya Mungu inalipa pombe? Hapana, wapendwa, inalipa deni letu.

Mama alipokea, akawapa viti. Hakuahidi kuacha kazi yake, na wazee hawakumuomba kuahidi. Alisema tu kwamba mvua inaingia ndani ya nyumba yake. Vijana wataenda kutengeneza paa siku ya posho, saa mbili asubui. Mwenye misumari alete.