Yusufu Hakuingojea Njaa

Wapendwa mnaolima, mnaofuga na mnaovua. Akina mama mnaoshika jembe kabla jua halijachomoza. Vijana mliobaki kijijini, na ninyi ambao macho yenu yameshaelekea barabara ya mjini: neno la leo ni lenu.

Kisa cha Yusufu mnakijua. Wakristo wanakisoma katika kitabu cha Mwanzo, Waislamu katika sura iliyobeba jina lake. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na ng'ombe saba waliokonda, na Yusufu, aliyekuwa kifungoni, akaieleza maana ya ndoto ile. Mara nyingi tunaihubiri ndoto, tunaushangilia ufunuo, kisha tunafunga kitabu. Leo natamani tutazame kilichofanyika baada ya ndoto. Mwanzo inasimulia kwamba sehemu ya tano ya mavuno ilitengwa, na nafaka ya mashamba yaliyouzunguka kila mji ikawekwa ndani ya mji uleule. Kurani nayo inaeleza shauri ambalo kila mkulima atalitambua: nafaka iachwe katika masuke yake. Mnaona, ndugu zangu? Mungu alifunua, na watu wakajenga maghala, wakapima mavuno, wakatumia ufundi wa kuhifadhi, wakayaunganisha maghala yote chini ya mpango mmoja. Na kazi hiyo waliifanya shibe ikiwapo. Njaa ilipobisha hodi, ilikuta watu wamejiandaa.

Je, sisi tuko katika miaka gani, ya shibe au ya njaa? Mtaniambia kwamba njaa imekwisha kuingia: vuli inachelewa, masika yanakuja na mafuriko, visima vinakauka mapema. Nami nawajibu: maadamu mvua bado inanyesha walau msimu mmoja kati ya miwili, maadamu mbegu bado ipo ghalani na wazee wanaoijua bado wako hai, sisi tungali ndani ya miaka ya neema. Miaka hiyo inahesabika. Atakayeitumia kulala ataamshwa na njaa.

Tazameni yaliyotupata. Viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya mabara ya Amerika, walibainika Afrika Magharibi mwaka 2016. Kufikia mwaka 2017 walikuwa ndani ya mahindi ya Tanzania. Mdudu amevuka bara zima, na kwetu habari ya namna ya kumdhibiti haivuki korongo kutoka kitongoji hadi kitongoji! Mwaka huohuo wa 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi. Mahindi yalikuwa ya jasho lao wenyewe, na yakawaua. Ujuzi wa kupunguza hatari ile ulikuwepo: kuanika juu ya turubai wala si juu ya udongo, kukausha barabara kabla ya kuhifadhi, kutenga punje zilizovunda. Ulikuwepo vyuoni, ulikuwepo vituo vya utafiti, ulikuwepo hata kwa wakulima wa vijiji vingine. Haukufika katika nyumba zile. Lawama si ya marehemu. Ni yetu sisi tuliojua tukakaa kimya, tukidhani kwamba ujuzi ukishaingia kichwani mwa mtu mmoja kazi imekwisha.

Nami nasema kwa sauti ya juu: kumficha jirani ujuzi unaookoa maisha ni dhambi, sawa na kumnyima maji. Zamani moto ukizimika jikoni, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba kijinga, na jirani aliyetoa moto hakupungukiwa na moto wake. Ujuzi ndivyo ulivyo. Nani ametufundisha kuufungia kabatini?

Sasa sikieni habari njema, kwa maana zipo.

Viwavijeshi tuliowazoea tangu enzi za babu zetu huletwa na nondo wanaoruka usiku wakifuata pepo za mvua. Kwa miaka mingi tahadhari ilitoka kituo cha Tengeru, Arusha, na ilipomaliza kupita ofisi zote, mara nyingi ilimkuta mkulima analitazama shamba lililokwisha kuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya wilaya ya Kilosa vilijaribu njia nyingine. Viliwekewa mitego yenye harufu ya nondo jike, na vipima mvua. Wanakijiji wakachagua watu wao wa kuhesabu nondo madume walionaswa, kusoma kipimo cha mvua, na kuwatangazia wenzao kama wiki inayofuata ina hatari. Mkulima wa kawaida akawa mtabiri! Alichohitaji ni mtego, kipimo, daftari, na majirani waliokubali kumsikiliza.

Twendeni Shinyanga. Kule misitu ilifyekwa kwa miongo ili kufukuza mbung'o na kupisha pamba, mifugo ikazidi uwezo wa ardhi, hata miaka ya 1980 mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Uhai uliporudi, ulirudi kwa mlango wa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili liokoe mifugo kiangazi. Ngitili zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Basi mikutano ya jadi, dagashida, ikaweka sheria, walinzi wa jadi, sungusungu, wakazisimamia, kijiji kikaona kwa kijiji kingine, nacho kikafunga ngitili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilihesabiwa zaidi ya hekta 300,000. Anayewaambia kwamba ubunifu ni lazima ushuke na ndege kutoka ng'ambo, mpelekeni Shinyanga akaone miti iliyorudishwa na akili ya wazee pamoja na utaalamu wa vijana waliosoma.

Njooni Mbita, Kenya, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Pale watafiti wa kituo cha ICIPE, akiwamo mwanasayansi Zeyaur Khan, walibuni kilimo cha sukuma-vuta katika miaka ya 1990. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wa funza wa mabua na mizizi yake hukiangamiza kiduha. Pembeni hupandwa majani ya tembo, ambayo huwavuta nondo wale mbali na mahindi. Mkulima huvuna chakula, na ng'ombe hupata malisho. Mbinu hii ilienea kwa sababu wakulima walioijaribu waliwafundisha wenzao shambani, kwa lugha ya nyumbani. Mkulima huamini haraka zaidi anapoliona shamba la mkulima mwenziwe.

Na wakulima wakijikusanya wenyewe? Mwaka 1993, wakulima wabunifu 22 kutoka mikoa mbalimbali waliunda MVIWATA, Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, wenye makao makuu Morogoro. Nia yao ya kwanza ilikuwa mkulima amfundishe mkulima. Ishirini na wawili tu, wapendwa! Injili yenyewe ilianza na mitume kumi na wawili. Kutoka kubadilishana ujuzi, mtandao ule ukaingia katika kuweka na kukopa, kisha ukafika sokoni. Soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na masoko ya Nyandira na Tawa katika milima ya Uluguru ni sehemu ya matunda yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayeuza peke yake kando ya barabara hana la kumjibu mwenye lori anapodai lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Wenye soko lao, mizani yao na habari za bei za mikoa mingine wana la kusema, na husikilizwa. Ndiyo maana wito wao unasema mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe.

Lakini nisipowakemea nitakuwa nimewasaliti.

Nawakemea ninyi mnaounda kikundi siku mfadhili anapofika na kukizika siku gari lake linapoondoka. Posho ikiwa ndiyo roho ya kikundi, posho ikikoma kikundi kimekufa. Jifunzeni kwa ushirika wetu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Miongo ikapita, na mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika kote nchini. Vikaja kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Vilikuwa na ubadhirifu wao, sikatai. Hata hivyo, katika miaka ile mkulima alikosa chombo alichokizoea, kwa uamuzi ambao hakuufanya yeye. Basi jengeni mtandao ambao nguzo zake ni michango yenu, kura zenu na jasho lenu, ili hata mkono wa nje ukiondoka, nyumba ibaki imesimama.

Nakukemea wewe mwenyekiti uliyeng'ang'ania kiti, na wewe mweka hazina unayekasirika ukiulizwa daftari. Senti ya kikundi ni senti ya mjane. Utaitolea hesabu mbele ya wanachama, na utaitolea hesabu mbele za Mungu.

Nanyi akina baba! Ni nani anayechagua mbegu ya kupanda mwakani, akaining'iniza juu ya moshi wa jiko? Ni nani anayejua mtama upi huvumilia jua na kunde ipi huiva mapema? Ni mama. Halafu kwenye mkutano mnamwachia kazi ya kupika chai! Mtandao unaomnyamazisha mwanamke umejikata ulimi.

Na vijana, msiwacheke wazee. Simu iliyo mkononi mwako inaweza kubeba utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, bei ya Kibaigwa na picha ya jani lenye ugonjwa kwenda kwa mtaalamu. Kule Kondoa, jamii imeshirikiana na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma kujiwekea mtandao wake wa intaneti. Wewe unaitumia simu kwa lipi? Kaa na babu yako, mwandikie anayoyajua, kisha msomee yale asiyoyajua. Hapo ndipo kijiji kinapopata macho mawili.

Basi tufanye nini?

Hesabuni mlivyo navyo. Kila kikundi kiwe na daftari la mvua, la mbegu na la wadudu, liandikwe kila wiki. Bila kumbukumbu mtabaki kubishana kila mwaka kama mvua zimebadilika.

Hifadhini mbegu, na hifadhini kwa kuipanda. Mbegu ya asili iliyofungiwa chupani bila kupandwa hufa. Kila nyumba ipewe aina moja ya kuitunza, na siku ya mavuno mbegu ziletwe zibadilishwe mbele ya watu wote.

Utabiri wa Vuli, Masika au Msimu ukitangazwa, usisikilizwe na kila mtu kivyake kwenye redio ya nyumbani kwake. Kutaneni muujadili: tupande nini, lini, bonde lipi tuliache. Wazee waseme wanachokiona kwenye miti na upepo. Kisha amueni kwa pamoja.

Na msiishie kwa majirani wa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakulima wa Yamba, wilayani Lushoto, walipelekwa kutembelea vijiji ambavyo hali yake ya hewa inafanana na ile ambayo wanasayansi walitarajia ingekuja kwao. Waliiona kesho yao kwa macho, wakazungumza na watu waliokwisha kuizoea. Hili halihitaji muujiza. Kijiji cha mlimani kitafute rafiki kijiji cha tambarare chenye joto, kipande basi, kiulize: mnalima nini? Mnahifadhije maji? Ng'ombe wenu hula nini mwezi wa kumi? Waliotutangulia katika ukame ni walimu wetu.

Najua mtu atasema, "Mchungaji, sisi ni maskini, tuanzie wapi?" Anzeni na mlichonacho. Wale wa Shinyanga walianza na desturi ya kufunga malisho. Wale wa Kilosa walianza na hesabu ya nondo. Wale wa mwaka 1993 walianza wakiwa watu wanaoweza kuenea ndani ya darasa moja. Hakuna kati yao aliyengoja awe tajiri, na hakuna aliyengoja aitwe mara ya pili.

Mwenyezi Mungu ametuonyesha ng'ombe waliokonda. Hatuhitaji ndoto nyingine. Kwa hiyo nawasihi, na ninawaagiza kwa jina lake: kabla ya mvua za kwanza za msimu ujao, kila mmoja wenu awe mwanachama wa kikundi kinachokutana, kinachoandika na kinachofundishana. Kama kijijini kwenu hakipo, kiundeni ninyi. Kikiwepo na kimelala, kiamsheni. Kikiwa hai, tumeni watu wawili waende kijiji cha jirani wakawafundishe mnachokijua, na wasirudi bila kujifunza kitu. Amina.